Kwa nini meli zangu hazikai majini? Kuchora bandari kwa rangi za mafuta

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimechora kwa penseli kwa muda mrefu, na sasa nimehamia rangi za mafuta. Ninachotaka hasa ni kuchora bandari yenye meli, kubwa na ndogo. Lakini nikimaliza, meli zinaonekana kama zimekatwa kwenye gazeti zikabandikwa juu ya maji. Nikijaribu kurekebisha, rangi zote zinageuka tope. Nimejitahidi kuweka kila kamba na kila dirisha, haisaidii. Nianzie wapi? Halafu, ni vibaya kuchora kutoka kwenye picha ya simu?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Naanza na zile kamba na madirisha, kwa sababu ndiko nguvu zako zinakoishia na ndiko ambako tatizo haliko. Mtazamaji huamini kwamba meli iko majini pale upeo wa macho unapoikata mahali panapostahili, na pale ubavu wake unapokutana na maji kwa namna inayoonyesha kuwa maji yameipokea. Hayo mawili yakikaa sawa, chombo kisicho na kamba hata moja kitaelea. Yakikosewa, unaweza kuchora kila fundo na bado ukabaki na huo mkato wa gazeti.

Tuushike upeo kwanza. Ni ule mstari ambapo bahari hukutana na mbingu, na siku zote uko usawa wa jicho lako. Ukisimama gatini na jicho lako likawa mita 4 juu ya maji, mstari huo utakata kila chombo kilichopo bandarini mita 4 juu ya maji yake, kiwe karibu, kiwe mbali. Mashua ya ubavu mfupi itakuwa yote chini ya upeo, pamoja na vichwa vya waliosimama ndani yake. Mlingoti tu ndio utakaouvuka. Meli ya mizigo ambayo ubavu wake una mita 8 juu ya maji itakatwa nusu kwa nusu, iwe mita 100 kutoka kwako au kilomita nzima. Kinachobadilika ni ukubwa wake kwenye kanvasi. Mahali inapokatwa hapabadiliki.

Hapo umepata rula ya bure. Umbali kutoka mstari wa maji wa chombo chochote hadi kwenye upeo ni mita 4 za mahali hapo. Ukitaka kuweka chombo chenye mlingoti unaofikia mita 20 juu ya maji, kipimo kimoja kitakuwa chini ya upeo na vinne juu yake. Sogeza chombo hicho mbali, kipimo kinapungua, hesabu inabaki ileile. Chukua ile picha yako inayokuudhi zaidi, pitisha penseli kwenye upeo, kisha upime meli moja baada ya nyingine. Nakisia utakuta meli mbili za aina moja ambazo upeo umeikata moja kwenye sitaha na nyingine katikati ya mlingoti. Jicho la mtazamaji halijui hesabu hiyo lakini huihisi papo hapo, na ndipo meli inapoonekana imebandikwa.

Bandari nyingi zimezungukwa na maghala, vilima na kreni, kwa hiyo upeo wenyewe hauonekani, na hapo ndipo watu huusahau. Uchore hata hivyo, kwa mkono mwepesi, kabla ya kitu kingine chochote. Utakusaidia pia kujua unachoruhusiwa kukiona. Meli yenye ubavu mrefu kuliko kimo cha jicho lako haikuonyeshi sitaha yake. Unaona ubavu, na juu yake vitu vilivyosimama. Mashua iliyo chini yako inakuonyesha hadi ndani, mpaka mataruma, ile miti ya ndani inayoshikilia mbao za ubavu, na maji ya ngama yaliyokusanyika chini kabisa. Mdomo wa dohani, yaani bomba la moshi la meli, kwa kuwa uko juu ya jicho lako, hupinda kwenda juu. Ukingo wa mbele wa pipa lililo gatini hupinda kwenda chini. Kuna picha nyingi za bandari ambazo dohani imepinda upande usio wake, na mchoraji anabaki akishangaa kwa nini meli inaonekana kama mdoli.

Kuhusu umbo la chombo chenyewe, anza na sanduku. Chora sanduku refu linalopungua kadiri linavyokwenda mbali, kisha pitisha mstari wa katikati kwa urefu wake, juu na chini. Omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, inakaa kwenye mstari huo. Kutoka omo, mbavu mbili zinatanuka hadi kugusa kuta za sanduku, halafu zinajikunja kidogo kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo. Ukitazama chombo kwa pembe, ubavu wa mbali unaonekana mfupi na umepinda kwa haraka zaidi kuliko wa karibu. Usiogope ufupi huo, uchore kama ulivyo. Ukingo wa juu nao haunyooki: umeinuka omo, unalala katikati, unainuka tena kidogo tezini. Kwenye chombo cha mbao mpindo huo ndio uzuri wote. Kwenye meli ya makontena karibu haupo, na ukiupinda kwa mazoea utakuwa umeiharibu.

Mlingoti usimike kwenye mstari wa katikati. Wanaoanza huupanda kwenye ukingo wa upande wao, maana ndio wanaouona, na chombo kinaonekana kinataka kupinduka.

Kuna mambo mengine ambayo mtu wa bahari atayaona kabla hajaangalia rangi zako. Vyombo vilivyotia nanga hugeuzwa na upepo au mkondo, kwa hiyo vya aina moja vilivyo karibukaribu huelekeza omo upande mmoja. Vilivyofungwa gatini havina uhuru huo. Bendera, moshi na tanga lolote lililofunguliwa lazima vikubaliane juu ya upepo mmoja. Kamba za kufungia meli gatini hubonyea katikati kwa uzito wake, wakati kamba zinazoshikilia mlingoti zimekazwa. Na meli tupu haielei kama iliyojaa. Meli kubwa nyingi hupakwa chini rangi nyekundu ya kuzuia chaza na mwani kung'ang'ania. Wekundu huo kwa desturi unatokana na oksidi ya shaba iliyomo. Meli ikiwa tupu, ukanda mpana wa wekundu huo unatokeza juu ya maji. Ikijaa shehena, ukanda unazama. (Duara lililokatwa na mstari ubavuni ni alama ya kikomo cha mzigo, ambayo Uingereza iliifanya ya lazima mwaka 1876 baada ya kampeni ya mbunge Samuel Plimsoll. Kwenye kanvasi ndogo hutaichora. Ni vizuri kuijua tu, usije ukaidhania doa.) Ukanda mwekundu ni neema kwa mchoraji: ni rangi ya moto iliyolala mahali pale hasa unapotaka jicho litue, pale meli inapoingia majini.

Sasa weka rangi kando kidogo. Mwaka 1674 mfalme Charles II wa Uingereza aliwaajiri wachoraji wawili wa Uholanzi, Willem van de Velde na mwanawe wa jina hilohilo, kila mmoja kwa pauni 100 kwa mwaka. Baba alilipwa achore michoro ya vita vya baharini, mwana alilipwa aitie rangi michoro hiyo. Wewe huna baba wa kukuchorea, lakini zigawe kazi hizo mbili. Siku moja ni ya kuchora na kupanga mwanga na giza. Siku nyingine ni ya rangi. Anayejaribu kutafuta umbo la omo, kiasi cha giza na aina ya buluu kwa mpako mmoja ndiye anayeishia kwenye tope.

Kwa hiyo chukua ubao mdogo au kanvasi ya kama sentimita 25 kwa 30, iliyopakwa tayari kwa ajili ya mafuta. Usianze na bandari nzima. Meli moja, mashua moja mbele yake, kipande cha gati, basi. Chora kwa umba iliyochomwa (rangi ya kahawia iliyokoza) uliyoilegeza kwa tapentaini mpaka inatiririka kama chai, kisha jaza giza kwa brashi pana na ufute mwanga kwa kitambaa. Jilazimishe kutumia viwango vitatu tu: giza, wastani, mwanga. Anga mara nyingi ndiyo mwanga, maji ni wastani, na ubavu wa meli ulio kivulini ndio giza. Ukirudi nyuma hatua kadhaa, ukafumba macho nusu, na bado unatambua kuwa ile ni bandari, una picha. Kama hutambui, hakuna rangi itakayokuokoa, na ni nafuu ujue sasa kuliko wiki ijayo. Umba ina sifa ya kukauka haraka; tabaka jembamba la namna hii kwa kawaida huwa tayari baada ya siku moja au mbili.

Rangi zenyewe zisiwe nyingi. Nyeupe ya titani, buluu ya ultramarini, siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), oka ya njano, nyekundu moja kali, na ile umba. Ultramarini na siena ndiyo ndoa itakayokulisha: zikichanganywa nzito hutoa giza linalokaribia weusi, zikiongezwa nyeupe hutoa kijivu cha kila namna. Ultramarini ikizidi unapata kijivu baridi cha chuma na mvua, siena ikizidi unapata kijivu cha joto cha mbao kuukuu na moshi. Bandari imejengwa kwa vijivu. Weusi wa tubu sikukatazi, ila kwa sasa uache, utakufanya mvivu.

Tope unalolisema lina vyanzo vinavyojulikana. Moja ni brashi: umechota buluu, ukapaka, ukachota siena kwa brashi ileile bila kuifuta. Shika kitambaa mkono wa pili na ufute kila baada ya mipako michache. Kufuta kunasaidia kuliko kuosha, maana tapentaini chafu nayo ni tope. Kingine ni kurudia. Rangi ya mafuta inakaa mbichi kwa siku nyingi, hivyo kila unapopitisha brashi juu ya rangi mbichi unaichimbua iliyo chini. Weka mpako mmoja, uondoe mkono. Ukikosea, kwangua kwa kisu cha rangi mpaka chini, uweke upya. Usisugue. Na andaa mafungu yako kwenye paleti kabla hujaanza: fungu la anga, la maji, la ubavu penye mwanga, la ubavu penye kivuli. Mtu anayechanganya rangi huku akipaka hujikuta na kijivu kimoja kwenye picha nzima.

Kuhusu tabaka, sheria ni konda chini, nono juu. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kuyeyukia hewani kama maji. Yanavuta oksijeni na kugeuka ngozi ngumu taratibu. Tabaka lenye mafuta mengi linachelewa na linaendelea kujinyoosha, lenye mafuta kidogo linawahi kukakamaa. Ukiweka lililo konda juu ya lililo nono, la juu litakauka wakati la chini bado linatembea, na picha itapasuka. Kwa hiyo mchoro wa kwanza ulegezwe kwa tapentaini, tabaka za katikati zitoke kwenye tubu zilivyo, na za mwisho ndizo ziongezwe mafuta kidogo. Hapohapo niseme jambo lisilo la sanaa: vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye ndoo ya taka. Uvutaji ule wa oksijeni hutoa joto, na vitambaa vilivyosongamana vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke vikiwa bapa, au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko. Na madirisha yawe wazi unapofanya kazi na tapentaini.

Tuingie majini.

Anga na maji vipake kikao kimoja, kwa mafungu yaliyotoka kwenye mchanganyiko mmoja. Maji ya mbali unayatazama kwa pembe ya kulala, kwa hiyo yanakurudishia anga. Maji yaliyo chini ya miguu yako unayatazama kwa kuinama, kwa hiyo unaona kilichomo ndani yake: ukijani, ukahawia, udongo. Ndiyo maana maji ya bandari hubadilika kutoka kijivu cha anga kule mbali hadi kijani kizito huku mbele, na anayepaka buluu moja kutoka juu hadi chini anapata ukuta, hapati maji. Kwenye bahari yenye mawimbi, ukanda wa mbali kwa kawaida huwa na giza kuliko anga inayougusa, kwa sababu migongo ya mawimbi imeinama na inarudisha anga ya juu zaidi. Viwimbi navyo vipungue na kusongamana kadiri vinavyokwenda mbali. Huku mbele mpako mmoja unaweza kuwa na urefu wa kidole; karibu na upeo ni nyuzi, kisha si chochote.

Taswira ya meli majini si kivuli chake, na si nakala yake iliyopinduliwa. Kivuli kinakwenda upande ulio kinyume na jua, na kwenye maji safi na marefu huonekana kwa shida. Kwenye maji yenye udongo hulala waziwazi. Taswira daima inashuka wima kuja kwako, popote jua lilipo. Jaribu hili nyumbani: weka kisanduku kidogo kwenye sinia jeusi lenye maji, kisha nyuma yake simamisha kitu kirefu kidogo kuliko kisanduku. Inama mpaka jicho likaribie maji, halafu inuka taratibu. Kadiri unavyoinuka, kile cha nyuma kinazama kwenye taswira mpaka kinapotea, ingawa kwa macho bado unakiona juu ya kisanduku. Bandarini ni vivyo hivyo. Kutoka gati refu, ghala lililo nyuma ya gati la pili unaliona vizuri, lakini majini huenda usione hata paa lake, kwa kuwa ukuta wa gati umeziba. Anayepindua tu kila kitu anachora taswira ambayo haiwezi kuwepo. Simamisha penseli katikati ya sinia, iinamishe kuja kwako: taswira yake inarefuka. Iinamishe kwenda mbali, inafupika. Kumbuka hilo utakapochora milingoti inayolala.

Vitu vyenye giza huwa vyepesi kidogo majini, na vyeupe huzimika kidogo. Ubavu mweusi wa meli, kwenye taswira, uwe kijivu kizito chenye ukijani wa maji. Jumba jeupe la nahodha liwe na rangi ya maziwa yaliyotiwa vumbi. Tofauti ni ndogo, lakini ikikosekana mtazamaji hajui ipi ni meli na ipi ni maji.

Sasa pale ubavu unapokutana na maji. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo picha yako inapokwama. Paka ubavu na taswira yake kwa mfululizo, ukiwa bado na rangi mbichi, bila kuacha ufa wala kuchora mstari kati yao. Kisha chukua brashi bapa, kavu, safi, na uivute kutoka kwenye ubavu kwenda chini, wima, mara moja au mbili, kwa uzito wa brashi yenyewe. Rangi italainika na kushuka. Futa brashi. Halafu iweke bapa na upitishe mipako michache ya kulala kwenye taswira, ukiingiza rangi ya anga: mifupi karibu na ubavu, mirefu kadiri unavyoshuka. Mpaka hapo maji yameanza kutulia, na bado hakuna mstari wa maji. Usiuchore wote. Tazama ni wapi ubavu wenye giza unaungana na taswira yenye giza, hapo uache mpaka upotee kabisa. Tafuta mahali pamoja, labda karibu na omo, ambapo kiwimbi kinapita kikiwa na mwanga wa anga, uweke hapo mpako mmoja mwembamba, mkali, wa rangi nyepesi, unaokatikakatika. Kama kuna ukanda mwekundu, uwe mkali juu ya mpako huo na uzimike pande zote mbili. Mpaka unaopotea na kurudi ndio unaoifanya meli iwe ndani ya maji. Mstari ulionyooka na wenye ukali uleule kutoka omo hadi tezi ndio mkasi uliolikata gazeti lako.

Njia ya mwanga wa jua juu ya maji nayo inashuka wima kuja kwako, chini ya jua lenyewe. Haipindi wala haiendi kando kwa ajili ya kupamba. Maji yakitulia ni nyembamba, yakisukwasukwa inatanuka.

Meli za mbali zipungukiwe na giza kabla hazijapungukiwa na kitu kingine. Ubavu mweusi ulio kilomita moja ndani ya ukungu si mweusi tena. Ni buluu ya kijivu, na madirisha yake hayapo. Itazame picha ya Claude Monet ya macheo katika bandari ya Le Havre, ya mwaka 1872, ile iliyowapa jina wachoraji wa kundi la Waimpreshonisti. Milingoti na dohani za nyuma ni mikwaruzo ya kijivu na buluu, na mashua ya mbele, mipako michache tu, ndiyo yenye giza kuliko vyote. Lile jua la rangi ya chungwa, ukiigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, linakaribia kutoweka, kwa kuwa mwanga wake ni sawa na wa mawingu yanayolizunguka. Linawaka kwa sababu limezungukwa na buluu ya kijivu. Hilo ni funzo kwa taa na vibendera vyako vyote: si lazima viwe vyeupe ili vionekane.

Kamba zako sasa. Zisubiri. Kamba hupakwa juu ya rangi iliyokauka, kwa brashi nyembamba yenye nywele ndefu, na rangi uliyoilegeza mpaka inatoka yenyewe. Egemeza mkono kwenye fimbo iliyokanyaga ukingo wa kanvasi, mwendo utoke begani, si kwenye vidole, na kamba nzima iwe mpako mmoja. Ikikosewa, ifute kwa kitambaa. Chini pamekauka, hakuna kitakachoharibika. Usiweke zote. Kamba mbele ya anga nyepesi iwe na giza, ikipita mbele ya ubavu wa giza iwe nyepesi au ipotee, na theluthi ya kamba unazoziona zinatosha. Kutu vilevile: mchirizi unashuka kutoka tundu la nanga na matundu ya kutolea maji, na mmoja uliowekwa vizuri unaizeesha meli kuliko kumi.

Ukifanya kazi gatini kwenyewe, chora mistari ya maji kwanza, yote, maana maji hayakusubiri. Kwenye pwani nyingi ni saa sita na dakika kadhaa kutoka maji kujaa hadi kupwa, na penye tofauti kubwa mashua uliyoianza ikiwa usawa wa gati utaimalizia ikiwa imelala kwenye matope. Mwanga nao hukimbia. Baada ya saa mbili hivi unachora siku nyingine. Bora ufanye vibao viwili vidogo vya saa tofauti kuliko kimoja kilichochanganya vivuli vya asubuhi na vya adhuhuri.

Na picha ya simu si vibaya, ila ujue inapokudanganya. Lenzi yake pana huikuza omo iliyo karibu na kuisukuma mbali tezi, hivyo meli inakuwa na umbo ambalo hakuna fundi aliyewahi kulijenga. Rudi nyuma na utumie lenzi ya kuvuta. Vivuli inavigeuza shimo jeusi wakati macho yako yanaona ndani yake kijani na kahawia, na anga inaiunguza. Kwa hiyo chukua kwenye picha vitu vinavyohitaji uhakika: umbo la kreni, mpangilio wa madirisha, kamba ipi imefungwa wapi. Mwanga na rangi vichukue kwenye kibao ulichokipaka mahali penyewe, hata kiwe na ukubwa wa kiganja. Ivan Aivazovsky, aliyechora bahari maisha yake yote, alifanya picha zake kubwa chumbani kwa kumbukumbu na michoro ya penseli, akiamini kwamba mwendo wa maji haunaswi papo hapo kwa brashi. Wala usione haya kuhamisha vitu. Meli ya kivita Temeraire ilipokokotwa kwenda kuvunjwa mwaka 1838 ilikuwa imeshang'olewa milingoti na ilivutwa na tagi mbili, yaani boti za kukokotea meli. Mchoraji Mwingereza Turner aliichora ikiwa na milingoti yake, nyuma ya tagi moja. Meli ikikuzibia mwanga, isogeze. Sharti ni kwamba ukishaisogeza, uipime upya kwa ile rula ya upeo, na taswira yake ihame nayo.

Unapopiga hiyo picha, piga mbili za ziada: moja ya maji matupu yaliyo miguuni pako, nyingine ya upeo au sehemu yoyote ya mbali iliyo usawa wa jicho lako. Andika saa, upande ambao jua lilikuwa, na kama maji yalikuwa yanajaa au yanapwa. Picha ikishakamilika iache ikauke miezi sita hadi kumi na miwili kabla ya kuipaka vanishi, zaidi kama uliweka rangi nene. Kile kibao kidogo cha kwanza, chenye meli moja na mashua moja, kifanye kabla ya yote, kwa ile umba peke yake, bila kamba.